Nani Anachekwa? Tashtiti na Elimu ya Uraia katika Fasihi ya Kiswahili

Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1951, mtu mmoja aitwaye Karama anasimamishwa mbele ya mfalme na baraza lake. Hakuiba, hakuua, wala hakumtusi mtu. Kosa lake ni kwamba amekusudia kuwafundisha watu sheria. Mshtaki wake ni waziri, na jina la waziri huyo ni Majivuno. Nchi yenyewe haina pahali pa kukanyaga: imening'inia hewani, mipaka yake ni pepo nne, mbingu iko juu yake na ardhi iko mbali chini yake. Msomaji anayekutana na habari hizi kwa mara ya kwanza hutabasamu, kisha hujiuliza anatabasamia nini hasa. Mhadhara huu unahusu swali hilo la pili, yaani kazi ambayo kicheko kimefanya katika kuwafunza wasemaji wa Kiswahili mambo ya utawala, haki na historia ya nchi zao.

Imezoeleka kusemwa kwamba kichekesho hufundisha kwa sababu hupendeza, mithili ya dawa chungu iliyotiwa asali. Maelezo hayo hayatoshi. Yanachukulia kwamba somo limekwisha kuandaliwa na mkubwa fulani, na kwamba kazi ya kicheko ni kulifikisha tu kwa mdogo. Historia ya fasihi ya Kiswahili inaonyesha jambo tofauti. Kicheko kimetumika kumfunza raia kuyatazama mamlaka, na kicheko hicho hicho kimetumika kumfunza raia kuyanyenyekea. Tofauti haikuwa katika wingi wa kicheko. Ilikuwa katika kujua nani anachekwa, na nani ameachiwa kazi ya kuikamilisha maana.

Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno katika uwanja huu: mzaha, masihara, utani, kejeli, kebehi, dhihaka, stihizai, tashtiti. Hakuna haja ya kuyapanga yote kwa daraja zake, lakini mawili yanastahili kutazamwa. La kwanza ni tashtiti, neno lenye mgogoro wa kupendeza. Katika vitabu vingi vya sekondari nchini Tanzania, tashtiti hufasiriwa kuwa ni tamathali ya kuuliza jambo ambalo jibu lake linajulikana. Wahakiki wengine, hasa wa Kenya, hulitumia neno hilo hilo kwa fasihi inayofichua uovu wa watu au wa jamii kwa njia ya kejeli. Wanafunzi huilalamikia hitilafu hii, na walimu huwaambia wafuate kitabu cha mtihani wao. Hata hivyo maana hizo mbili haziko mbali kama zinavyodhaniwa. Fasihi ya kejeli iliyo hai ni swali kubwa ambalo muulizaji na muulizwaji wote wanalijua jibu lake, ila mmoja tu kati yao ndiye amethubutu kuuliza. Jibu huachwa kinywani mwa hadhira, na hadhira hulitoa kwa kucheka.

Neno la pili ni utani, ambalo limeingia katika matumizi ya kila siku hadi watu wamesahau kwamba lilikuwa jina la mkataba. Katika Tanzania Bara, Wangoni na Wahehe ni watani, na chimbuko la utani wao ni vita walivyopigana kuanzia mwaka 1878. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na Wazaramo, na nyuma ya utani huo iko njia ndefu ya misafara iliyounganisha bara na pwani katika karne ya 19. Mtani huweza kumkejeli mwenzake hata msibani, akaigiza mwendo na sauti ya marehemu mbele ya wafiwa, akadai ujira kwa kazi aliyoifanya kaburini, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Wengi wanaotaniana hivyo hawawezi kutaja tarehe ya vita vyovyote. Walichorithi ni kumbukumbu kwamba watu hawa waliwahi kushikiana silaha au kukutana njiani, na kwamba waliamua kuishi pamoja. Hiyo ni historia ya siasa iliyohifadhiwa bila daftari. Sharti lake moja ni usawa: anayetania naye hutaniwa. Mtu asiyekubali kutaniwa si mtani, hata akiwa mcheshi kiasi gani. Sharti hilo litahitajika tena mbele.

Turudi kwa Karama. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani serikalini mwaka 1926, akianzia idara ya forodha, na aliitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Karani huona mambo ambayo mkulima hayaoni, kwa kuwa karatasi hupita mikononi mwake. Hapana budi basi kuuliza kwa nini, kati ya mambo yote ambayo mtuhumiwa wake angeweza kushtakiwa, alichagua kufundisha sheria. Jibu moja liko katika hali halisi ya Tanganyika. Chini ya Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, wakili hakuruhusiwa kumtetea mtu katika mahakama hizo, na rufaa haikwenda Mahakama Kuu bali ilipanda kwa maofisa wa utawala: mkuu wa wilaya, mkuu wa jimbo, na mwishoni gavana. Aliyetawala ndiye aliyesikiliza malalamiko dhidi ya utawala. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayetaka kuwafundisha watu sheria hahitaji kufanya kosa jingine.

Mwandishi hasemi lolote kati ya hayo. Anamwacha Karama ajitetee, na utetezi wake ni hadithi. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutoka Kusadikika kwenda pande sita, kila mmoja akarudi na mafunzo ya namna watu wengine wanavyojitawala na kustawisha maisha yao, na kila mmoja akalipwa kifungo. Muundo huu unachekesha kwa kurudiarudia kwake. Baada ya mjumbe wa pili msomaji amekwisha kujua yatakayompata wa tatu, na bado serikali ya Kusadikika humtuma, humpokea na humfunga kwa uzito ule ule, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ujinga wa dola haupo katika kutojua. Habari zote zimeletwa barazani. Ujinga wake ni kule kuwaadhibu walioleta habari ambazo dola yenyewe iliziagiza.

Ni kweli kwamba kicheko cha Shaaban Robert ni cha upole, na kurasa kadhaa zinaelemea upande wa mahubiri kiasi cha kumchosha msomaji wa leo. Mwisho nao ni wa matumaini kuliko ushahidi uliotangulia: Karama anaachiliwa, wajumbe wanafunguliwa, na mfalme anaonekana kusikia. Lakini katika ufundishaji wa uraia, kitabu hiki kilifanya jambo ambalo kitabu cha kiada hakingeweza kulifanya mwaka 1951. Kiliifanya mahakama iwe darasa, na mshtakiwa awe mwalimu. Anayekaa juu ndiye anayefunzwa, na anayechekwa ni yule mwenye cheo, kwa jina lake mwenyewe. Baada ya kumsikia Majivuno akisema kwa niaba ya serikali, ni vigumu mwanafunzi kulisikiliza neno la waziri yeyote bila kupima jina lake la kweli ni lipi.

Wakati huo huo kulikuwa na kicheko cha aina nyingine, nacho kilikuwa na wapenzi wengi zaidi. Michezo mifupi iliyoitwa vichekesho ilikua katika Tanganyika ya kikoloni, hasa katika mazingira ya shule, ikijaza nafasi kati ya maonyesho yaliyohesabiwa kuwa ya maana. Haikuandikwa, ilibuniwa papo hapo. Mhusika wake mkuu alikuwa mtu wa shamba aliyefika mjini, au Mwafrika asiyejua kutumia vitu na desturi za Kizungu: anakosea kuvaa, anakosea kula, anakosea kusema. Hadhira iliyomcheka ilikuwa ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza mambo hayo hayo, na kicheko chao kiliwathibitishia kwamba wao wamekwisha kuvuka. Somo la uraia lilikuwamo humo pia, tena lilikuwa bayana: raia mwema ni yule asiyechekwa. Huku ni kumfundisha mtu kujionea haya, wala si kumfundisha kuuliza.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilitazamiwa kwamba kicheko hicho kingegeuzwa. Kwa sehemu kiligeuzwa. Vichekesho vilianza kuwadhihaki mabepari, wavivu, walanguzi na wala rushwa. Mathias Mnyampala akaupa umbo la ngonjera umaarufu mkubwa, na mikusanyo yake ya Ngonjera za UKUTA ikatoka mwaka 1970 na 1971, ikaingia mashuleni na kwenye sherehe za kitaifa. Ngonjera ni majibizano ya kishairi. Mmoja hajui au hakubali, mwingine anajua. Wanabishana beti kwa beti, na mwishowe asiyejua huelewa na kukubali. Zilifundisha mengi kwa haraka: maana ya kujitegemea, faida ya kisomo cha watu wazima, sababu za ujamaa. Watoto wa shule za msingi walizikariri, na watu wazima wa leo waliosoma miaka ile bado wanakumbuka vipande vyake.

Hata hivyo, mwenye kuzitazama kwa swali la mhadhara huu hawezi kukwepa kuona kwamba kiti cha anayechekwa hakikuhama sana. Anayechekwa katika ngonjera ni asiyejua. Amebadilishwa mavazi tu: zamani hakujua ustaarabu wa Kizungu, sasa hajui siasa ya chama. Aidha, mshindi wa majadiliano anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza, kwa hiyo swali linaloulizwa halimwachii msikilizaji kazi yoyote. Si haki kumlaumu Mnyampala peke yake kwa hili, kwani alifariki mwaka 1969 kabla ya mikusanyo hiyo kutoka, na waigaji waliomfuata hawakuwa na kipaji chake. Umbo lenyewe liliafikiana na somo la Siasa lililofundishwa shuleni katika mfumo wa chama kimoja, ambamo jibu lilitangulia swali.

Katika mwaka huo huo wa Azimio, nyumba ya uchapishaji ya East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kisa cha George Orwell cha mwaka 1945. Kukutana kwa mambo haya mawili katika mwaka mmoja ni sadfa, lakini ni sadfa iliyompa msomaji wa Kiswahili nafasi ya pekee. Kwa Orwell, kisa kilielekezwa Urusi ya Stalin. Katika Kiswahili neno shamba lina historia yake: ni bustani ya mihogo nyuma ya nyumba, na pia ni eneo la maelfu ya ekari la mkonge lenye meneja wa kigeni na mistari ya vibarua. Wanyama wanaomfukuza mwenye shamba walikuwa wakisomwa katika mwaka ambao Tanzania ilitaifisha mabenki na kuchukua sehemu kubwa ya mashamba hayo ya mkonge. Msomaji aliweza kushangilia nusu ya kwanza ya kitabu kama habari za nchi yake. Alipofika pale nguruwe wanapohamia katika nyumba ya mwenye shamba, ilimbidi aamue mwenyewe kama bado anasoma habari za nchi yake. Tafsiri haikumwamulia. Pengine ndiyo maana ilidumu.

Njia ya wazi ilikuwa na gharama yake. Nchini Kenya, Abdilatif Abdalla aliandika mwaka 1968 waraka wenye jina la Kenya: Twendapi? Jina hilo ni tashtiti kwa maana ya vitabu vya Tanzania: swali ambalo kila msomaji alilijua jibu lake. Haukuwa na wanyama wala nchi ya angani. Kwa swali hilo alifungwa kutoka mwaka 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Shaaban Robert, kama angekuwa hai, angeweza kukiongeza kisa hicho katika Kusadikika bila kubadili neno.

Tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, Kaptula la Marx, ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi na wanaisimu, kwa kuwa tashtiti yake imeanzia katika sarufi. Kwa wasemaji wengi, vazi hilo ni kaptula ya fulani, na wingi wake ni kaptula za fulani. Kezilahabi anaandika kaptula la. Kwa silabi hiyo moja vazi limetolewa katika ngeli yake ya kawaida na kutiwa katika ngeli ya ukubwa, na msomaji amekwisha kuliona likipwaya kiunoni kabla ya pazia kufunguliwa. Ndicho kiini cha mchezo: kiongozi wa nchi changa na mawaziri wake wanafunga safari ya kwenda nchi ya Usawa, na vazi la mwanafalsafa wa Ujerumani ya karne ya 19 haliwatoshi. Kuna kejeli nyingine katika uchaguzi wa vazi. Hakuchagua joho wala suruali. Kaptula ya kaki ilikuwa sare ya mtoto wa shule, ya tarishi na ya askari wa kikoloni. Kiongozi aliyezoea kuitwa mwalimu wa taifa anarudishwa kuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi aliyevaa nguo ya kuazima.

Tamthilia hiyo iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, muda mfupi baada ya TANU na ASP kuungana kuwa Chama cha Mapinduzi mwaka 1977. Ilichapishwa mwaka 1999. Katika miaka hiyo 20 na ushei mambo mengi yalipita: vita vya Kagera, uhaba wa bidhaa, kung'atuka kwa Julius Nyerere mwaka 1985, Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililolegeza masharti ya viongozi, na kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992, ambako kulifanya somo la Siasa liwe somo la Uraia. Mwaka ule ule kitabu kilipotoka, Nyerere alifariki. Kwa hiyo kilipowafikia wanafunzi, kilikuwa kimebadilika aina bila neno moja kubadilishwa. Kilichokuwa swali kwa watawala walio madarakani kimekuwa maelezo kuhusu watawala waliopita. Mwanafunzi wa miaka ya 2000 angeweza kumcheka mvaa kaptula bila hofu yoyote, na kicheko kisicho na hofu hufunza historia vizuri lakini hufunza uraia kidogo tu. Mbaya zaidi, kilikuwa kicheko rahisi. Ujamaa ulikuwa umeshindwa na kila mtu alilijua hilo. Waliokuwa wakiuza viwanda vya umma wakati huo huo hawakuwa na kaptula wala tamthilia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba aliyejaribu kuliziba pengo hilo alikuwa Nyerere mwenyewe. Hotuba zake za mwaka 1995, ile ya waandishi wa habari jijini Dar es Salaam na ile ya Mei Mosi mjini Mbeya, zimejaa vicheko vya wasikilizaji, na kanda zake hurudiwa redioni kila mwaka hadi leo. Aliwauliza hadharani wanaotumia fedha ili waingie Ikulu: kuna biashara gani huko? Hilo nalo ni swali lenye jibu. Lakini aliyeuliza hakuwa madarakani tena, na chama alichokichapa kwa mzaha kilikuwa chake. Kwa lugha ya utani, alikuwa amekubali kukaa upande wa watani. Wasikilizaji walioangua kicheko waliisoma Katiba siku hiyo kuliko katika miaka mingi ya darasani, kwani alieleza pia maadili ya uongozi, Muungano na ukabila kwa mtindo huo huo wa kuuliza na kuacha.

Kenya inatoa mfano mwingine, na humo suala ni lafudhi. Vioja Mahakamani, kipindi kilichoanzishwa wakati wa Sauti ya Kenya, ambayo baadaye iliitwa KBC, kimewachekesha watazamaji kwa miongo mingi. Mandhari yake ni mahakama. Washtakiwa kama Ondiek Nyuka Kwota na Makokha hufikishwa kizimbani kwa makosa madogo: wizi, ulevi, ugomvi wa majirani. Mtazamaji asiyewahi kuingia mahakamani alijifunza humo namna mashtaka yanavyosomwa, maana ya kukana au kukiri, kazi ya shahidi na ya mwendesha mashtaka. Kwa wingi wa waliofunzwa, hakuna kitabu cha uraia kinachoweza kujilinganisha nacho. Lakini kicheko chake kikubwa hutokana na Kiswahili cha mshtakiwa, ambacho hubeba lafudhi ya lugha ya nyumbani kwao, mbele ya Kiswahili nadhifu cha hakimu. Mara nyingine mshtakiwa huwazidi wote kwa maneno, na hapo mtazamaji hufurahi zaidi. Hukumu hata hivyo hutoka upande ule ule. Ni mahakama ya Karama iliyogeuzwa kichwa chini: aliyeko kizimbani haji kufundisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu waliojiita Redykyulass walifanya jambo ambalo kizazi kilichotangulia hakikulitarajia. Waliigiza sauti, mapumziko na lafudhi ya Rais Daniel arap Moi, kwanza jukwaani na kisha kwenye televisheni, wakati Moi mwenyewe angali madarakani. Mbinu haikuwa ngeni. Ilikuwa ile ile ya kucheka Kiswahili cha mtu, ila safari hii lafudhi iliyochekwa ilikuwa ya mwenye rungu. Hawakuhitaji kuzua hoja nzito. Mara nyingi walirudia tu namna ya kusema ambayo taifa lilikuwa limeisikia katika taarifa ya habari kila siku. Walichowafundisha watazamaji ni kwamba sauti hiyo inaweza kutoka katika kinywa kingine, na jua likachomoza kesho yake. Moi aliondoka madarakani mwaka 2002. Mmoja wa vijana hao, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2017, na tangu hapo naye yumo katika orodha ya wanaoweza kuigizwa.

Katika madarasa yenyewe, kazi za namna hii zimekumbwa na hatari iliyo tulivu kuliko gereza. Mtihani humtaka mwanafunzi ataje mbinu za kisanaa, naye hujifunza kuandika kwamba mwandishi ametumia tashtiti, kejeli na kinaya, akitoa mfano mmoja wa kila mbinu na ukurasa wake. Alama hutolewa kwa kuitambua mbinu. Haziulizwi alama za kumtambua anayechekwa. Mwanafunzi anaweza kupata daraja la juu kwa kueleza majina ya kimajazi katika Kusadikika bila kuambiwa kwamba kulikuwa na sheria ya mwaka 1929, na anaweza kuimaliza Shamba la Wanyama akidhani ni hekaya ya ng'ombe na nguruwe. Mwalimu wa Uraia naye, katika chumba cha pili, anafundisha mgawanyo wa madaraka kwa mchoro wenye visanduku vitatu. Vitabu viwili hivyo havikutani, ingawa ukuta unaovitenganisha ni wa tofali moja.

Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya karatasi na akumbuke mwezi wa Mei mwaka 2020. Mchekeshaji wa Tanzania, Idris Sultan, alikamatwa baada ya kusambaa kwa video iliyomwonyesha akiitazama picha ya zamani ya Rais John Magufuli na kucheka. Hakusema hoja yoyote, wala hakuigiza sauti ya mtu. Alicheka tu. Alipofikishwa mahakamani jijini Dar es Salaam, mashtaka aliyosomewa hayakutaja picha wala kicheko. Yalihusu usajili wa laini ya simu. Karama, katika nchi yake ya angani, angalau alisomewa kosa alilokamatiwa.